Nilikereza kwa Masikio ya Mkwe Wangu

Alhamisi, mwezi wa saba. Upepo wa Iringa leo umeamka kabla yangu. Umepita chini ya mlango, ukazunguka sebule kama mgeni anayetafuta kiti, na mimi nikaamka nikafanya vivyo hivyo. Tangu asubuhi sijakaa. Hata haya naandika nimesimama, simu nimeiegemeza kwenye dirisha, na mke wangu ameshaniuliza mara mbili kama nina upupu.

Sina upupu. Nina mkwe aliyefungasha begi.

Niseme mapema, ili anayeingia kwenye blogu hii kwa mara ya kwanza asipotee. Mimi ni fundi wa kukereza mbao, kuzichonga zikizunguka kwenye mashine, hapa Mlandege. Nguzo za ngazi, miguu ya vitanda, vinu vidogo vya kutwangia vitunguu saumu: hivyo ndivyo vilivyonilea mimi na hili tumbo langu. Mwanangu Lusajo ni dereva wa lori, na muda huu yuko Ruaha Mbuyuni anasubiri kupakia vitunguu. Mkewe, Atupele, anakaa nasi tangu walipofunga ndoa mwaka jana. Na Atupele naye ni fundi wa kukereza mbao.

Sentensi hiyo ya mwisho imenichukua mwaka mzima kuitamka.

Alisomea chuo cha ufundi Mbeya mjini, darasa lililojaa wavulana na yeye peke yake. Jumapili, tukitoka ibadani, mke wangu akanipa habari: mwalimu wake wa zamani amefungua karakana Mbeya na amemwita kazini. Jumamosi anapanda basi. Lusajo atamfuata msimu wa vitunguu ukiisha.

"Kwani hapa amekosa nini?" nikauliza.

"Kule kuna mashine."

"Na hapa si kuna mashine?"

Mke wangu akarekebisha kitenge chake, akatazama mbele. "Hapa kuna mashine yako, Baba Lusajo."

Akaongeza mwendo kuelekea nyumbani. Mke wangu ni Mhehe, akishasema, amesema.

Sasa nieleze kitu ambacho wasomaji wangu wa huku kwetu wanakijua na wa mbali hawakijui. Sisi Wanyakyusa tuna heshima yetu: mke wa mwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Hakai naye chumba kimoja, hamtazami, hamwiti kwa jina. Si ugomvi. Ni adabu, tena ni adabu nzito. Siku hizi wengi wameilegeza, wanakula meza moja na kupiga picha pamoja siku ya Krismasi. Lakini Atupele alilelewa na bibi yake kule Rungwe, na bibi yule hakulegeza kitu. Mimi nikitokea mlango wa mbele, mkwe wangu anatokea wa nyuma. Chakula nakikuta mezani kinatoa moshi na aliyekileta hayupo. Nikirudi nyumbani, nakohoa getini ili apate nafasi ya kupita. Nimekohoa mwaka mzima. Jirani mmoja mwenye huruma aliniletea tangawizi.

Ungamo la kwanza: mimi mwenyewe ni Mnyakyusa wa kwenye cheti. Baba yangu alikuja Iringa kutafuta kazi kabla sijazaliwa. Nimekulia hapa, nimeoa hapa, nikipiga simu Mbeya kwa shangazi zangu nawasalimu "ugonile" kisha naomba tuendelee kwa Kiswahili. Sijui nyimbo zetu, sijui methali zetu, ndizi za kwetu nazila lakini kuzipika sijui. Mke wangu hunitania kila mara: "Wewe mila zenu zote hujui hata moja, lakini hii ya mkwe umeikariri kama katekisimu."

Nilikuwa nikicheka. Jumapili sikucheka.

Karakana yangu ni banda la mabati hapo uani, na ukuta wake mmoja wa mabanzi yenye nyufa ndio ukuta wa jiko. Mashine niliiunda mwenyewe kwa mota ya zamani ya mashine ya unga. Na mila ni mila: mimi nikiwa ndani ya banda, Atupele hawezi kuingia. Mimi huingia bandani saa moja asubuhi na kutoka giza likianza, siku sita za juma. Jumapili mashine hailii, ni siku ya Bwana.

Utaniambia mwenyewe imebaki siku gani.

Siku alipoletwa hapa kama bi harusi, alikuja na zawadi aliyoikereza kwa mkono wake, chombo cha mti wa mparachichi, akampa mama mkwe wake. Kimewekwa juu ya kabati sebuleni. Si kikubwa, kama nazi hivi. Kinaanza na kisigino kidogo, kinapanda, kinajaa karibu na mabega, halafu kinarudi ndani polepole mpaka kwenye mdomo ambao kidole gumba kinapita kwa kubembeleza. Ndani ni kitupu, ukuta wake mwembamba kama wa kibuyu. Ukikipitisha kidole kutoka chini hadi juu, hakuna mahali kidole kinasimama. Nimekipitisha kidole mara nyingi, nyumba ikiwa tupu. Nilikuwa natafuta kosa.

Sikulipata.

Wiki tatu zilizopita alikuja Mama Faraja, mwenye nyumba ya wageni kule Kihesa, kuulizia nguzo zake za ngazi. Tukamkaribisha sebuleni. Akanywa chai, macho yakaenda kwenye kabati, yakakwama hapohapo.

"Fundi! Hiki umefanya wewe?"

Nikakohoa.

Naapa sikusema ndiyo. Nilikohoa tu. Lakini kuna kikohozi cha ugonjwa na kuna kikohozi cha mtu anayejifanya mnyenyekevu, na hiki kilikuwa cha pili. Akasema anataka cha namna hiyohiyo, kikubwa zaidi, cha kuweka pale wageni wanapopokelewa. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Hicho? Mbona kazi ndogo, mama."

Kazi ndogo. Mimi ambaye katika miaka ishirini na saba ya kukereza sijawahi kukomba chombo chenye mdomo mdogo kuliko bakuli.

Kwa wasiojua, nguzo ya ngazi unaikereza kwa nje. Unaona unachofanya, kama kumenya muwa. Bakuli nalo lina mdomo mpana, jicho linaingia na mkono unaingia. Lakini chombo cha namna hii unakikomba kupitia tundu dogo, kwa chuma kirefu chenye ncha iliyopinda kama kidole kinachoita mtu. Gogo linazunguka kwa kasi, maranda yanajaa ndani, na wewe huoni chochote. Ncha ya chuma iko gizani. Ukikomba kidogo, kinabaki kizito kama kinu. Ukizidisha kidogo tu, unatokea upande wa pili.

Cha kwanza nilikikomba kwa woga. Kilipotoka, mke wangu alikipima kwa mikono miwili akasema kinafaa kukobolea mpunga wa Ubaruku wote.

Cha pili nilikomba vizuri kiasi, lakini umbo lilinishinda. Nilikiacha juu ya benchi nikaenda dukani kununua msasa. Niliporudi, mke wangu alikuwa mlangoni, anajizuia kucheka na kushindwa.

"Mkweo amekiona kupitia dirisha. Anasema tumbo limekaa chini, kama la mnywaji wa ulanzi. Anasema lipande juu, na kisigino kipungue."

Nikakitazama. Kisha nikajitazama. Chombo kilikuwa kimefuata umbo la fundi wake bila kukosea.

Hapo ndipo ningeweza kusema, "Mwambie aingie atengeneze yeye, mimi nitakwenda sokoni." Maneno hayo yalinifika hapa kooni. Nikayameza. Nikasema, "Mwambie asante, lakini fundi wa nyumba hii ninajua ninachofanya." Na ukuta wenyewe ni wa mabanzi, sikuhitaji mjumbe.

Cha tatu ndicho cha Jumatatu iliyopita, siku moja tu baada ya habari ile ya Mbeya. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua ni ya nani. Gogo lilikuwa zuri, mparachichi mkavu ambao Lusajo aliuleta kutoka Mbeya mwaka jana. Umbo la nje lilikubali, tumbo likapanda. Nikaanza kukomba ndani. Kule jikoni Atupele alikuwa anapika. Nikasikia upawa unagongwa kwenye ukingo wa sufuria. Ko, ko. Nikaendelea. Ko, ko, ko. Nikasema moyoni, huyu binti leo maharage yamemkosea nini? Ko-ko-ko-ko-ko!

Chombo kikapasuka.

Sikusema kimepata ufa. Kilipasuka. Shingo ilipita juu ya kichwa changu ikagonga bati, tumbo likagawanyika vipande vinne, na mimi nikajikuta nimechuchumaa nyuma ya benchi, nimeziba uso. Damu kidogo kidoleni, aibu nyingi kwingineko. Nikasikia miguu inakimbia jikoni, ikafika karibu kabisa na mlango wa banda, ikasimama. Hakuweza kuingia. Akaita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia hivyo, "Mama! Mama, njoo umtazame baba!"

Mke wangu akaja mbio. Alipoona niko mzima akaniokota, akanifunga kidole kitambaa, kisha akanipa yangu. Kumbe upawa haukuwa na shida na maharage. Atupele alikuwa ananionya. Alikuwa anasikia mlio wa mbao kupitia mabanzi. Ukuta wa chombo ukiwa mnene, mlio ni mzito, kama mtu anayenguruma kwa mdomo uliofungwa. Unavyozidi kukonda, mlio unapanda. Ukifika mahali fulani unakuwa kama mwanakwaya wa sauti ya kwanza ambaye hajanywa chai. Hapo ni kuacha, maana kinachofuata ni kupasuka.

"Amesema mlio ulishabadilika zamani," mke wangu akasema. "Amesema hata maranda hukuwa unayamwaga. Alifikiri hata wewe unausikia."

Miaka ishirini na saba, na mtu aliye upande wa pili wa ukuta, anakoroga maharage, anaisikia mashine yangu kuliko mimi.

Jumanne sikufanya kazi. Nilifagia banda mara tatu. Jana nikafunga gogo jingine, la mwisho la ule mparachichi, nikakereza nje tu, taratibu, tumbo juu, kisigino chembamba. Leo ilikuwa siku ya kukomba, na Mama Faraja alishasema atapita mchana.

Asubuhi mke wangu akaweka sheria, yeye ndiye serikali ya nyumba hii. Akasimama katikati ya ua, mimi bandani, Atupele jikoni, akatangaza kama mtendaji wa kata: "Upawa ukigonga mara moja, Baba Lusajo, simamisha mashine, mwaga maranda. Ukigonga mara mbili, hapo ulipo panatosha, sogea kwingine. Ukigonga mfululizo, toa chuma chako na uende ukanywe maji. Mmenielewa?"

"Ndiyo, mama," sauti ikatoka jikoni.

"Nimeelewa," nikasema mimi, mwenye nyumba.

Nikawasha mashine.

Sijui nielezeje saa zile mbili. Nimekereza nusu ya maisha yangu na sijawahi kukereza vile. Niliingiza chuma kwenye lile tundu, nikaanza katikati nikisogea nje, unywele kwa unywele. Mwanzoni nilitegemea upawa tu. Ko: nasimamisha, nageuza chombo, nakung'uta maranda, yanamwagika ya rangi ya chai ya maziwa. Ko, ko: nasogea. Halafu, sijui ni baada ya muda gani, nikaanza kusikia. Mlio ule mzito ukawa unapanda, na mimi nikajua sasa hivi atagonga, na akagonga. Mara nyingine tena. Mara ya tatu nikaondoa chuma mwenyewe, na upawa ukagonga wakati mkono wangu uko tayari nje, na jikoni nikasikia mtu amecheka kidogo, kicheko kifupi cha kuziba kwa kiganja.

Nikacheka na mimi. Wawili tunacheka, ukuta katikati, hakuna aliyevunja adabu.

Kilipotoka kwenye mashine kilikuwa chepesi mpaka nikaogopa kukishika. Nikakipiga msasa, nikakipaka nta ya nyuki, nikakiweka juu ya benchi penye mwanga. Kilisimama juu ya kisigino chake kidogo, mabega yamejaa. Nikapitisha kidole kutoka chini mpaka juu. Kidole hakikusimama popote.

Ningeishia hapo, shajara hii ingekuwa fupi na mimi ningekuwa mtu mwema.

Mama Faraja alifika saa saba. Aliingia bandani, akakiona, akaweka mkoba chini. Akakizunguka. Akakigonga kwa ukucha, kikaitika. "Fundi," akasema, "mimi nilijua una mikono, lakini sikujua una mikono hii. Hii kazi umejifunza wapi?"

Swali dogo tu. Hatua tano kutoka pale nilipokuwa nimesimama, nyuma ya mabanzi, sufuria ilikuwa inaoshwa. Maji yakaacha kumwagika. Nikajua anasikiliza. Anayesikia unene wa mbao kupitia ukuta, atashindwa kusikia jibu la mkwe wake?

Nikasema, "Aa, mama. Uzoefu tu."

Uzoefu tu!

Mama Faraja akacheka kwa furaha, akakifunga chombo ndani ya kitenge, akaondoka amekikumbatia kama kichanga. Jikoni maji yakaanza kumwagika tena. Hakuna sufuria iliyobamizwa, hakuna mlango uliofungwa kwa nguvu. Afadhali angebamiza.

Mke wangu akaja kusimama mlangoni mwa banda. Nilitegemea atanitania. Hakunitania. Alisema tu, "Alikuwa anafungasha toka jana. Asubuhi hii, baada ya kile kicheko, alitoa nguo mbili kwenye begi akazianika. Sasa hivi amezianua, amezirudisha begini." Akaondoka.

Chakula kikaja, kikapoa. Nikatembea kutoka banda mpaka geti, geti mpaka banda. Na nikiwa kwenye kutembea huko ndipo lile ambalo nimekuwa nalikwepa mwaka mzima likasimama mbele yangu, likakataa kupisha. Mila ile haikuwa inanizuia. Ilikuwa inanificha. Kama ningetaka kuiheshimu mila na kumheshimu mkwe wangu kwa pamoja, kulikuwa na njia nyepesi mno: mimi kutoka. Asubuhi yeye, mchana mimi. Au siku hii yeye, siku ile mimi. Bibi wa Rungwe mwenyewe asingekuwa na neno. Lakini mimi, nisiyejua hata methali moja ya kwetu, niliikumbatia heshima hiyo moja kwa sababu ilikuwa inamweka mbali na mashine. Sikutaka Mlandege nzima ijue kwamba ndani ya ua wangu kuna fundi, na si mimi.

Nimeandika. Sifuti.

Saa tisa nilipanda bodaboda mpaka Kihesa. Upepo ulinipiga machozi njia nzima, na dereva akaniuliza kama nina msiba. Nikamwambia bado sijajua.

Chombo kilikuwa tayari mezani pale wageni wanapoandikishwa, peke yake, hakuna hata ua lililowekwa ndani. Mama Faraja akaniona akadhani nimesahau kitu. Nikamwambia nimesahau kusema. Nikamwambia yote, kuanzia kile kikohozi cha sebuleni. Kwamba chombo cha kwenye kabati ni cha mke wa mwanangu. Kwamba hata hiki, mkono ni wangu lakini masikio ni yake, na bila masikio yake kingekuwa vipande vinne sakafuni.

Akakiinua chombo mezani. Nikajiandaa kurudishiwa chombo.

"Kwa hiyo wiki tatu nimemsifu asiyehusika?"

"Ndiyo, mama."

"Mtu mzima na ndevu zako?"

"Na ndevu zangu, mama."

Alicheka mpaka akakaa. Kisha akafuta macho kwa ncha ya kitenge, akasema ana vyumba vitano, na kila chumba kina meza isiyo na kitu juu yake. Anataka vitano, vidogo kama kile cha kabatini. "Lakini afanye mwenyewe. Wewe usiguse. Wewe niletee nguzo zangu za ngazi."

Nikarudi Mlandege kama mtoto aliyetumwa dukani, nikirudia maneno njiani nisije nikapoteza hata moja.

Nyumbani nikamwambia mke wangu: mwambie mkweo kuna kazi ya vyombo vitano, ya kwake, kwa jina lake. Mke wangu alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa. "Mwambie mwenyewe."

"Nitamwambiaje, na wewe unajua?"

"Ulimwona bibi yake siku ya harusi alivyosema na yule mzee sana, baba mkwe wake? Walipeana migongo. Nyie watu mmeweka njia, wewe tu hukuuliza."

Kwa hiyo saa kumi na moja jioni, mimi mtu mzima, nilisimama uani nimetazama ukuta wa jirani. Nyuma yangu, mlangoni mwa jiko, nikasikia mtu amesimama naye, na kwa sauti ya kitenge chake nikajua amegeuka. Tukapeana migongo. Jirani mwenye tangawizi alikuwa anaanua nguo upande wake. Akaniona namtazama, akanipungia mkono. Nikampungia. Nikaanza kusema.

Nilimwambia habari ya Kihesa. Nikamwambia kuanzia kesho mashine ni yake tangu saa moja mpaka saa saba mchana, siku zote za kazi, na mimi sitakanyaga bandani wala kuchungulia. Nikamwambia mtu akiuliza ni nani anayekereza vile, nitasema jina lake, na nisipolisema naomba mama mkwe wake anipige. Kisha nikafika kwenye lile gumu. Nikasema, "Nilikuonea wivu, mwanangu. Si mila. Ni wivu."

Jirani akaendelea kuanua nguo, ameacha kupunga.

Kisha nyuma yangu ikatoka sauti ndogo, imenyooka. "Ndaga, tata." Asante, baba. Mwaka mzima, hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu. Nilidhani yameishia hapo, nikaanza kupumua, akaongeza: "Lakini ile mashine inayumba upande wa kushoto. Ndiyo maana cha Jumatatu kilipasuka. Si mikono yenu tu."

Si mikono yenu tu. Nitaitundika sentensi hiyo ukutani, pamoja na ile "yenu" ya heshima.

Kuhusu Jumamosi, nilipata jibu kwa mke wangu, na si jibu la kunifanya nikae chini. Basi la Jumamosi hapandi. Amempigia mwalimu wake amwambie asubiri mpaka vile vyombo vitano vikamilike, kisha atasema kama anakuja au la. Begi halijafunguliwa, limesogezwa tu chini ya kitanda. Kwa kasi ya mtu yule, vitano ni wiki mbili. Wiki mbili nimepewa, na sijui zinapimwa kwa kitu gani. Kwa maneno? Nimeshasema. Naona zitapimwa kwa asubuhi, moja baada ya moja, mimi nikiwa nje ya banda langu na yeye akiwa ndani, na watu wanapita wanauliza.

Nimeshafunga boliti za upande wa kushoto. Nimenoa vyuma vyote, hata vile ambavyo sijui kama anavitumia. Nimetoa koti langu msumarini.

Na bado sijakaa. Tangu nikiwa kijana, kila asubuhi ya kazi mikono yangu imekuwa ikishika mbao. Kesho saa moja atawasha mashine na mimi nitakuwa upande huu wa ukuta, kidole kimoja kimefungwa kitambaa, sina cha kushika. Mtu wa miaka hamsini na mbili anafanya nini tangu saa moja mpaka saa saba?

Mke wangu anasema kuna maharage ya kuchagua.